Usikate

Mimi ni mtu wa harusi. Uliza Maweni, uliza Shela,
Shekuwe wa kamera ni nani, utaonyeshwa mlango.
Kazi yangu ni kukata.
Namkata mjomba aliyesinzia na biriani mdomoni,
namkata bibi harusi akimtazama asiye bwana harusi,
nakata kimya, maana kimya hakilipiwi.

Basi karani wa mahakama ya Malindi aliponipigia simu
nilidhani ana binti wa kuozwa.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mafaili.
Wamekipaka rangi ya maziwa, wametandika mkeka,
wameweka mwanasesere wa jicho moja.
Nikafunga kamera juu ya kabati, na ile taa yake nyekundu
nikaibandika utepe mweusi, isimkodolee mtoto.
Hakimu alikuwa chumba cha pili, yeye na wakili wa mshtakiwa,
kwenye ncha nyingine ya waya wangu.
"Shekuwe, ukishawasha, usikate.
Hata iweje. Usikate."

Akaingia Nyevu, kutoka huko nyuma ya Gede,
miaka saba, pengo mbele, kandambili za kuazima.
Dada Dhahabu, mwulizaji, akaketi mkekani sawa naye.
Akaanza na habari za kuku.
Kuku wanne. Mmoja haatamii, anajifanya.
Akauliza, uongo ni nini?
"Uongo ni nikisema wewe ni mwembamba."
Nikamsikia hakimu akicheka masikioni mwangu.

Kisha akauliza usiku ule
waliokuja kumtafuta tsawe kwa ajili ya mvi zake.
Siku hizi kwetu mvi ni ushahidi tosha.

Nyevu akanyamaza.

Dakika moja.
Feni inalia kama ina neno.
Dakika mbili. Kidole changu cha harusi kinaniwasha.
Mtoto anachomoa ukindu, anaurudisha, anauchomoa.
Dakika tatu na ushei. Nje mtu anauza barafu.
Hapo nikaelewa: huyu hajakosa neno.
Neno liko njiani, linatafuta pa kutokea.

"Nilikuwa chini ya kitanda. Niliona viatu tu.
Vya baba mdogo. Cha kushoto kimeshonwa kwa uzi wa bluu.
Tsawe ndiye aliyekishona."

Wakili akaleta maswali yake kwa waya, moja moja.
Dhahabu akayapoza kwanza, kama uji, ndipo akayatoa.
Viatu kama vile si viko vingi?
"Viko vingi. Uzi ulikuwa wetu."

Miezi kumi na moja ikapita ndipo kesi ikasikizwa.
Mimi niliitwa kubonyeza tu.
Kizimbani baba mdogo, shati limepigwa pasi,
macho yanausaka mlango wa mashahidi.
Macho yale nilijua yangefanya kazi gani
lau angekuwapo mtu mfupi wa kuyapokea.
Mlango haukufunguka. Yakakutana na skrini,
na skrini haina kope.

Kimya kile kikapita ukumbini, chote, dakika tatu na ushei.
Askari akaiweka simu chini.
Ulipotajwa uzi wa bluu, baba mdogo aliitazama miguu yake.
Alikuwa amevaa kandambili.
Aliitazama vivyo hivyo.

Saa ile ile Nyevu alikuwa darasani, hesabu za kutoa,
mama yake ndiye aliyeniambia jioni.
Pengo limeshaota jino.
Hakujua kama anasema.

Jumamosi nilikuwa na harusi Muyeye.
Mama wa bibi harusi aliombwa nasaha, akashika kipaza sauti,
akafungua kinywa, hakutoka kitu.
Leso ikapanda, ikashuka.
Nilipokaa kuihariri, mkono ukaenda wenyewe penye kukata.
Nikaurudisha.

Wamekataa kunilipa salio.